Kasi ya Kuondoa Kitu

Vijana wa kompyuta hawaongezi kasi. Wanaondoa kitu, halafu wanakuonyesha ilivyo nyepesi. Mpwa wangu alipotangaza kwamba pochi yangu ya bitikoini, ile ya Bitcoin Core, "sasa inaruka, mjomba," sikushangilia. Nilimuuliza ameondoa nini.

Ameondoa kusubiri diski. Kwa kawaida pochi ikihifadhi funguo huiambia kompyuta: usiniitikie mpaka maandishi yafike diskini kweli. Hapo ndipo inaposuasua. Ukizima hilo, kompyuta inajibu "tayari" papo hapo, na funguo zingali zinaelea kwenye memori. Ni kama karani anayekwambia "nimeshakuandika, mzee," na kalamu iko sikioni. Umeme ukikatika wakati huo, na mtaani kwetu umeme haupigi hodi, faili linaweza kuharibika, au kile ulichoambiwa kimeandikwa kisionekane kabisa.

Benki ingekuwa na meneja wa kugombana naye. Bitikoini tangu ianze mwaka 2009 haina meneja wala dirisha la malalamiko. Ufunguo ukipotea na nakala huna, pesa utaziona zimekaa kwenye leja, zako kabisa, na hutazigusa.

Kinachonichefua zaidi, waundaji wenyewe wa Bitcoin Core wameeleza kwamba swichi hiyo ya kuzima kusubiri diski si salama, inaweza kupoteza data, na ipo kwa ajili ya majaribio yao tu, ili yaishe haraka. Wao sina ugomvi nao. Wanaunda pochi za majaribio asubuhi, mchana wanazitupa. Yangu haitupwi. Ina kidogo, sikatai, lakini kidogo hicho ndicho ada ya mtoto muhula ujao.

Na haraka yenyewe ni ya nini? Bloku moja ya bitikoini huja kwa wastani wa dakika 10. Muuzaji mwangalifu anangoja uthibitisho 6, yaani kama saa nzima umekodolea kioo macho, chai inapoa. Mtandao mzima umejengwa juu ya kusubiri, sisi tunabana sekunde mahali ambapo kusubiri kuna faida!

"Rudisha," nikamwambia. "Na hiyo sekunde uliyoniokolea, ndani ya saa nzima ya kungoja, nilikuwa niifanyie nini?"

Akasema nimpe dakika tano, anajibu meseji.