Dakika 51 za Bwana Draper

Usiku wa Septemba 30, 1880, Mmarekani Henry Draper aliielekeza darubini yake kwenye Nebula ya Orioni kwa dakika 51, akapata picha ya kwanza ya nebula duniani. Bahati yake, hakuishi Mtwara.

Huku kwetu Orioni hupendeza jioni wakati wa kaskazi, yaani wakati wa mvua. Kusi ikishakausha anga, huna budi kuamka saa kumi usiku mwezi wa Septemba. Tena dunia inazunguka, hivyo darubini lazima izungushwe kufuata nyota, la sivyo kila nyota huota mkia. Mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga ya kusini, ambayo Mtwara iko nyuzi 10 tu juu ya upeo: nyuma kabisa ya mkorosho wa Bibi jirani. Mtwara unaweza kumwomba jirani chumvi, ngazi, hata mkopo. Kukata mkorosho, thubutu! Nikakadiria kwa dira.

Nimefungua kamera tu, Bibi akatoka kutia udhu, akaniona napapasa gizani, akanihurumia na kuwasha taa ya uani. "Mjukuu wangu, utajikwaa!" Nikamwamkia, nikashukuru, nikaanza upya. Mara umande ukatanda kwenye lenzi. Nikaukausha kwa draya ya nywele ya mke wangu. Draya ikaamsha jogoo, jogoo akaamsha mbwa, mbwa wakamleta mlinzi wa duka, naye akamulika tochi ndani ya darubini aone nimeficha nini.

Umeme ukakatika. Mtaa ukaguna, mimi nikasema alhamdulillahi kimoyomoyo, mpaka mota ya darubini nayo iliponyamaza.

Kilichopatikana ni doa la waridi lenye mikia. Asubuhi nikamwonyesha Bibi kwenye simu.

"Umekesha kwa ajili ya ukungu? Si ungeshuka mdomoni mwa Ruvuma ukaupate bure?"

"Si ukungu, Bibi. Ni gesi. Haidrojeni, inawashwa na nyota changa."

Neno gesi halitamkwi ovyo katika mkoa ulioipata Mnazi Bay mwaka 1982, kisha mwaka 2015 ukaiona ikiondoka kwa bomba. Bibi aliivuta simu karibu.

"Na hiyo nayo wataipeleka Dar?"

"Haiwezekani, Bibi. Iko mbali mno, miaka ya nuru kama 1,350."

Akanirudishia simu. "Hata Dar ilikuwa mbali."