Wapwa wa Mwenye Nyumba

Mwenye nyumba wa Kashai, Bukoba, hana mpangaji hata mmoja. Ana wapwa. Afisa wa manispaa akipiga hodi kuuliza kibali cha vile vyumba vya uani, ukoo unapanuka ghafla: mwalimu kutoka Ngara ni mpwa, wanachuo wawili ni wajukuu, na muuza mitumba wa Kamachumu kule Muleba ni shemeji anayesubiri gari. Gari analisubiri tangu mwaka jana, na kodi ya miezi sita aliitanguliza, bila risiti.

"Na hiki chumba, mzee?"

"Stoo ya kahawa, mwanangu."

Stoo ina pazia, redio na ndizi jikoni. Mita ya luku ni moja, lakini mwisho wa mwezi wapwa wote huchangishwa. Undugu huo una bei.

Akibanwa zaidi, mzee hutoa cheti chake cha uhandisi: "Nyumba hii ilishinda tetemeko!" Kweli, tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9, ikaua watu zaidi ya 15 na kubomoa mamia ya nyumba Kagera. Ila iliyoshinda tetemeko ni ile nyumba kubwa. Vyumba vya uani vimeota baadaye, tofali kwa udongo, bila fundi anayetajika.

Mzee wangu, kachukue kibali. Ukuta ukianguka hauulizi nani mpwa, nani mpangaji. Nawe afisa, hesabu vyumba kwanza, senene utaonja baadaye.