Afande, Hakuna Aliyeuawa

Ukisema unakaa Luzira, mtaa wa Kampala wenye gereza, mtu wa mbali atakuuliza ulifungwa kwa kosa gani. Wa karibu kidogo atataka kujua kama kule kiwandani Port Bell bia mnapewa bure. Ukiwajibu kwamba umeshinda ndani unajenga kompaila, wote wawili watakubaliana kwamba umefungwa.

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa amri za mashine. Ina mwenzake, linka, anayeokota vipande vilivyogeuzwa na kuviunga mpaka viwe kitu kimoja kinachotembea. GCC, kompaila iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1987, ni mali ya kila mtu: chukua msimbo wake, usome, uchokoe, ugawe. Hulipi hata shilingi. Ila msimbo huo ukiwa umebanwa unazidi megabaiti 80, na tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12. Stallman amesamehe, serikali ina bajeti.

Mwenye akili timamu hupakua kompaila iliyokwisha kujengwa. Lakini nilikuwa na programu ya kupima maji kwenye tangi la juu ya paa, maana hapa tunapopanga maji hukatika wakati mtu ana sabuni machoni, na programu hiyo ilidai GCC mpya. Laptopu yangu ya mtumba, yenye Linux ya enzi zake, iliijua ile ya zamani tu. Basi nikaamua kujenga.

Kwanza unaita configure. Huyu ni mshenga anayepeleleza ukoo wa binti: una hiki? ndiyo. Una kile? ndiyo. Mistari inapanda skrini, ndiyo, ndiyo, ndiyo, unaanza kujiona mtu wa maana. Halafu anasimama ghafla: GMP, MPFR na MPC, maktaba za hesabu, hawapo, harusi haipo. Ukimfuata MPC anakutuma kwa MPFR, MPFR anakutuma kwa GMP. Kuna skripti ndogo inayowaleta wote kwa pamoja, nayo imelala ndani ya msimbo uleule uliokwisha kuupakua. Wanaoijua hawaitaji mpaka wakuone umetoka jasho.

Kisha unaandika make, amri ya kuanza ujenzi, na hapo ndipo GCC inapoonyesha kiburi chake. Inajengwa na kompaila ya zamani. Ile iliyozaliwa inajijenga upya. Iliyojijenga inajijenga tena. Mwishoni zao la hatua ya pili na la tatu yanalinganishwa baiti kwa baiti. Yakitofautiana, kazi yote inakataliwa. Sijawahi kuona ofisi inayojikagua hivyo.

Kiburi hicho kinakula umeme. Mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, tunachangia wapangaji watatu, na Jumapili usiku kuna sare za shule za kunyooshwa. Mita ikaanza kulia, pasi ikaendelea kupita, giza likaingia. Betri ya laptopu hutosha kuagana tu. Yuniti ziliponunuliwa nikairudia make kwa imani, kwa sababu ina kawaida nzuri: huangalia saa za mafaili, na lililo jipya kuliko msimbo wake huliacha. Sasa, faili lililokuwa likiandikwa wakati pasi inashinda lilikuwa pale, jina sahihi, saa mpya, ndani sifuri. Make ikalipita kwa heshima zote. Linka, ambaye hana adabu za bure, akalikataa. Nikasaka kila faili tupu, nikafuta, nikaanza tena.

Safari hii jirani yangu, askari jela mstaafu, alikuwa ameingia kuchaji simu. Miongozo inasisitiza uongeze -j kwenye make ili kazi zifanyike kwa pamoja, nami nikatii, kwenye mashine ya gigabaiti 4. Feni ikapiga kelele, skrini ikaganda, kisha likatokea neno moja: Killed. Mzee akavaa miwani.

“Kijana, nani ameuawa humu?”

“Afande, hakuna aliyeuawa. Ni programu.”

“Kauawa na nani?”

“Na mfumo wenyewe wa kompyuta.”

“Kosa?”

“Ilikula kumbukumbu kupita kiasi. Mfumo ukiona kumbukumbu inakwisha, humtafuta mlaji mkubwa na kummaliza.”

Akafikiri kidogo. “Sisi aliyekula zaidi ya mgao tulimpunguzia kesho yake. Hata rufaa haina?”

Haina. Dawa ni kutenga sehemu ya diski isaidie kumbukumbu, kuondoa -j, na kwenda kulala. Usiku kucha laptopu ilichemka dirishani, wadudu wa ziwani wakijipaka kwenye mwanga wa skrini, mpaka kulipokucha hatua ya pili na ya tatu zikawa zimelingana. Nikasimika, nikaiuliza toleo lake, ikanijibu kwa namba ya ile ya zamani. Ilibidi kuiambia mashine, kwa kuitajia folda, kwamba kuna mgeni aliyehamia.

Programu ya tangi sasa inafanya kazi. Maji yanakatika vilevile, ila tunaarifiwa mapema. Na wewe ukitaka kujaribu, nunua yuniti kwanza, andika make bila -j, na uifiche pasi.