Jinsi ya Kuishinda PostgreSQL: Mwongozo kwa Fundi Asiyependa Kusoma

PostgreSQL ni hifadhidata ya chanzo huria. Ilianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2014. Jina ililonalo sasa ilipewa 1996. Hailipiwi na haina tajiri anayeimiliki, tena imekuja na kitabu cha maelekezo chenye kurasa zaidi ya elfu mbili. Hicho weka pembeni, kiwafae wenye nafasi.

Ina kasoro moja kubwa: haikubali uongo. Ukiipa tarehe 31 Februari, inakataa. Ukiipa herufi mahali pa namba, inakataa. Maswali mengi ambayo mafundi huuliza kuihusu, ukiyachuja, ni swali moja tu: nifanye nini inyamaze? Hatua zifuatazo zinajibu hilo.

Hatua ya 1: Ondoa mlinzi

Siku ya kwanza utaambiwa huwezi kuingia. Sababu ni ndogo: kwenye kompyuta umeingia kwa jina lako, halafu unataka kuingia kwenye hifadhidata kwa jina la mkuu wake, postgres. Usijaribu kuelewa. Fungua faili la pg_hba.conf na kila mstari uandike trust. Kuanzia hapo, yeyote atakayesema yeye ndiye mkuu ataaminiwa bila kuulizwa nywila.

PostgreSQL ikishawekwa husikiliza kompyuta yake yenyewe tu. Huo ni uchoyo. Kwenye listen_addresses weka nyota, ili mlango wa 5432 usikike dunia nzima. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku kucha zikigonga milango ya namna hiyo, na si ungwana kuwaacha wageni nje.

Hatua ya 2: Kila chenye tarakimu ni namba

Namba ya simu ina tarakimu, kwa hiyo ihifadhi kama integer. Inayoanza na 07 itapoteza sifuri yake papo hapo. Ukianza na 255 itakataliwa kabisa, maana integer inaishia 2,147,483,647. Hapo hamia bigint, lakini usikubali kuiweka kama maandishi. Ni kweli kwamba namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, ila huwezi kujua. Huenda siku moja bosi akaomba wastani wa namba za wateja wote.

Fedha zihifadhi kama double precision. Ukijumlisha 0.1 na 0.2 kwa aina hiyo, PostgreSQL itakujibu 0.30000000000000004, bila aibu. Ipo aina iitwayo numeric, inayotunza senti zote zilivyo, lakini inasemekana ni ya polepole. Mhasibu akikufuata kuhusu senti zisizolingana, mwambie ni makato.

Hatua ya 3: Pambana na majina ya watu

Unapotuma amri, chukua jina alilojaza mteja ulichomeke katikati ya maneno ya SQL kwa mkono wako. Juma na Amina watapita salama. Kisha atakuja Ng'ang'a. Alama iliyo ndani ya jina lake ndiyo hiyohiyo inayofunga maandishi katika SQL, kwa hiyo hifadhidata itadhani jina limeishia kwenye Ng, na mabaki itayasoma kama amri.

Fundi mvivu angetuma amri peke yake na thamani peke yake, akiacha alama ya $1 mahali pa jina, tatizo likaisha milele. Wewe andika kwenye fomu kwa wino mwekundu: “Jina lisiwe na alama.” Ng'ang'a abadilishe jina. Mwizi naye, ambaye tundu hilohilo lingemruhusu kuandika amri zake ndani ya kisanduku cha jina, bila shaka atasoma maelekezo ya fomu na kuyatii.

Hatua ya 4: Ongeza kasi bila kupima

Kwa kawaida PostgreSQL hupokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja, na kila muunganisho unazaa mchakato wake wenye kumbukumbu yake. Programu yako ifungue miunganisho na isiifunge. Ukiambiwa wateja wamezidi, pandisha max_connections hadi 5,000 kwenye seva yenye RAM ya gigabaiti 4. Ukisikia mtu anataja PgBouncer, kifaa kinachowawezesha wengi kugawana miunganisho michache, badilisha mazungumzo.

Halafu weka faharasa kwenye kila safu ya kila jedwali. Kila ukiandika mstari mpya, faharasa hizo nazo zitapaswa kuandikwa, lakini lawama hizo zipeleke kwa diski. Baadaye lalamika kwamba PostgreSQL haiitumii faharasa yako kwenye jedwali lenye mistari arobaini. Ukitumia EXPLAIN ANALYZE utaona kwamba imepiga hesabu na kugundua kusoma jedwali zima ni rahisi kuliko kupitia faharasa. Ndiyo maana usiitumie.

Hatua ya 5: Mfukuze mfagizi

Ukibadilisha mstari, PostgreSQL haiufuti wa zamani. Inaandika mpya na ule wa awali unabaki. Hivyo ndivyo anayesoma anavyoweza kuendelea kusoma bila kumsubiri anayeandika. Mabaki hayo huzolewa na autovacuum. Wewe utaiona kwenye orodha ya michakato, utahisi inakula seva, utaizima. Jedwali lenye mistari elfu kumi litaanza kunenepa hadi ujiulize limemeza nini.

Kama huna ruhusa ya kuizima, andika BEGIN, badilisha mstari mmoja, kisha nenda kanywe chai. Maadamu muamala wako uko wazi, mabaki ambayo huenda bado unayahitaji hayawezi kuzolewa. Ila jihadhari na ukaidi wa programu hii: namba za miamala zina biti 32, na zikikaribia kuzunguka, autovacuum huamka yenyewe hata kama uliizima. Ikizuiwa hata hapo, hifadhidata hugoma kuanza miamala mipya ya kuandika ili isichanganye ya kale na ya leo. Inaona bora isimame kuliko ikudanganye. Utafanya kazi vipi na kitu cha namna hiyo?

Hatua ya 6: Safisha diski

Hadi toleo la 9.6 palikuwa na folda iitwayo pg_xlog. Mafundi wenye haraka waliona neno log, wakadhani ni porojo za seva, wakafuta ili kupata nafasi. Kumbe humo ndimo kila badiliko huandikwa kwanza, ili mfumo uweze kujirekebisha ukianguka. Kuanzia toleo la 10, mwaka 2017, folda hiyo inaitwa pg_wal. Utamu umepungua, ila nafasi ya kuifuta bado unayo.

Kwa wapenda kasi kuna fsync. Ikiwashwa, PostgreSQL huhakikisha data imefika kwenye diski kabla ya kukwambia tayari. Izime. Kila kitu kitakwenda mbio mpaka siku umeme utakapokatika, na kwetu sote tunajua umeme haukatiki.

Hatua ya 7: Amini bekapu ambayo hujawahi kuirejesha

Hapa yupo wa kuigwa. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alikuwa akihangaika na seva ya akiba iliyobaki nyuma. Akafuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva hiyo, kumbe yuko kwenye ile kuu. Alipositisha, kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5 hivi.

Si kitu, bekapu zipo. Lakini pg_dump iliyokuwa ikizitengeneza ilikuwa ya toleo la 9.2, na hifadhidata ilikuwa 9.6, hivyo ilikuwa ikigoma kila siku. Barua pepe za kutoa taarifa ya mgomo huo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita haikurudi.

GitLab wakafanya kosa la mwisho: walieleza yote hadharani, hatua kwa hatua, hadi wengine wakajifunza kujaribu kurejesha bekapu zao. Wewe usijaribu. Bekapu isiyojaribiwa haijawahi kushindwa.

Hatua ya 8: Omba msaada kiume

Mambo yakiharibika, piga picha kioo cha kompyuta kwa simu, kiupandeupande, itume kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane, chini uandike: “Wakuu, haifanyi kazi.” Toleo usilitaje. Amri uliyoitoa usiitaje. Picha ikate ule mstari unaoanza na HINT, maana hapo ndipo PostgreSQL mara nyingi hukwambia ulichokosea, pengine hadi jina la safu uliyotaka kuandika.

Wateja walioko kwenye foleni waambie ni mtandao. Bosi naye mwambie hivyohivyo. Lakini kabla hajamwita mtu mwingine aangalie, kumbuka seva imeandika kila amri yako iliyokataliwa, pamoja na saa, dakika na sekunde yake. Safari hii, kwa bahati nzuri, ni log kweli. Futa.