Go na Watumishi Hewa

Lugha ya Go haivumilii mvivu. Ukitangaza kigeu ndani ya fanksheni usikitumie, kompaila inagoma. Ukiita maktaba usiitumie, inagoma tena, wala haianzi kwa onyo. Juzi natafuta hitilafu kwenye programu ya risiti za duka la shemeji yangu, nikazima mstari mmoja nione itakuwaje. Kigeu kilichoutegemea kikakosa kazi. Nikakizima nacho, maktaba iliyokilisha ikabaki haina wa kumlisha, ikabidi niifukuze. Kufika hapo, hitilafu yenyewe nimeshaisahau. Wakongwe wana dawa: unaandika `_ = x`, na kompaila inaridhika kwamba kijana kaajiriwa. Mtumishi hewa, lakini karatasi zake zimekamilika.

Sasa mkali huyu mwone kwenye tarehe. Lugha nyingine hukupa herufi za siku, mwezi na mwaka. Go inataka uiandikie mfano, na mfano unaokubalika ni mmoja: 2 Januari 2006, saa 15:04:05. Eti ni rahisi kukumbuka: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, na saba ni saa za majira nyuma ya Greenwich. Rahisi kwa Mmarekani, anayetanguliza mwezi. Kwa shemeji hiyo ni tarehe mbili mwezi wa kwanza, saa tisa na dakika nne. Mbili, moja, tisa, nne: namba ya siri ya benki hiyo! Na ukikosea, kompaila haikohoi. Fundi aliyenitangulia aliweka 31/12/2024, wateja wakawa wananunua unga katika tarehe zisizomo kwenye kalenda yoyote.

Kulalamika kupo, tena kwingi. Go ilitangazwa 2009. Jeneriki, ambazo watu waliziomba tangu mwanzo, zilifika Machi 2022. Kero kuu nyingine ni `if err != nil`, unayoiandika kila unapoita kitu kinachoweza kushindwa. Mwaka 2019 wasimamizi wakapendekeza `try`, ya kufupisha. Walalamikaji wale wale wakaja juu, pendekezo likaondolewa. Mwaka 2025 wasimamizi wakatangaza kwamba hawatahangaika tena na sintaksia ya makosa, na kusema kweli nawaelewa.

Kwangu nimetega kitufe kinachoiandika `if err != nil` yote kwa mbonyezo mmoja. Kimeshafutika herufi yake.