Sifa za Dungu Lenye Zulia

Wamesifiwa simba, farasi na majahazi, lakini sanduku la mbao lililosimama juu ya nguzo nne pembezoni mwa msitu wa Wisconsin, Marekani, halijapata mshairi. Ndani yake, kila Novemba, huketi mtu mzima aliyevaa soksi jozi tatu akimngoja kulungu. Dhuluma hii inafaa ikomeshwe. Nadai kwamba katika vyote alivyobuni binadamu ili amuue mnyama, kuanzia shimo na mkuki hadi mbwa na baruti, hakuna kilichomtendea mnyama wema kuliko dungu la starehe, na kwamba wema huo huzidi kadiri starehe inavyozidi.

Tuanze na ujenzi, maana wanaolidharau hawajalitazama vizuri. Sakafu ni futi sita kwa sita, au nne kwa sita kwa mtu mwembamba. Nguzo ni za inchi nne kwa nne, zimetanuliwa chini ili upepo usizitikise. Kuta ni za plaiwudi, na paa lina mteremko kwa sababu theluji ya huko haina adabu. Dirisha la mwenye bunduki hulazwa, la mwenye upinde husimamishwa, na yote mawili hupimwa kutoka kwenye kiwiko cha mtu aliyeketi. Yaani jengo zima huanzia kwenye kiti. Kiti chenyewe ni cha ofisini, cha kuzunguka, kimetiwa mafuta kisilie. Kuta hupakwa rangi nyeusi kwa ndani, kisha hutandikwa zulia pamoja na sakafu. Hakuna lililofanywa bila sababu. Kulungu mkia-mweupe ana macho ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote bila kugeuka. Masikio yake husikiliza huku na huku kwa wakati mmoja. Pua yake haina haja ya kusifiwa na mimi. Jaketi la rangi ya chungwa ambalo mwindaji huvaa ili kutimiza sheria halimshtui, kwa kuwa jicho lake haliitofautishi vizuri rangi hiyo na kijani, ila mkono ukisogea kidogo tu dirishani, amekwenda. Ndiyo maana ya weusi ule: kivuli kisionekane. Ndiyo maana ya zulia: buti lisisikike. Lakini zulia linalonyamazisha buti humnyamazisha na mwenye buti, na giza linalomficha humfunga kope. Hita ya gesi, iliyowekwa ili asitetemeke akakosa shabaha, humlegeza shingo. Ongeza chupa ya kahawa, mkate wenye nyama na mto wa mgongoni, na kufikia saa tatu asubuhi kulungu anapita chini ya dirisha kwa amani ambayo mababu zake hawakuijua.

Wapo watakaosema huu si uwindaji bali ni uvivu ulioezekwa. Hoja hiyo ina ukoo mkubwa. Theodore Roosevelt alipoanzisha klabu ya Boone and Crockett mwaka 1887, yeye na wenzake walihimiza kwamba mnyama apewe nafasi ya haki ya kuponyoka na mwindaji atoke jasho. Basi tumwite Roosevelt mwenyewe atoe ushahidi. Alishuka Mombasa Aprili 1909, akapanda reli kwenda bara, akakaa miezi mingi juu ya farasi na kwa miguu huku wapagazi wakimbebea mizigo, wala hakuna aliyemjengea sanduku lenye zulia. Yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512, wakiwemo simba, tembo na vifaru. Walisema ni kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, na kweli vielelezo vingi vilifika huko. Mweke mtu yuleyule kwenye kiti cha kuzunguka, mpe hita na biskuti, kisha ufanye hesabu upya. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977 ilitumia sheria na askari; ingeweza kujaribu kwanza kuwagawia wawindaji viti.

Hoja nzito zaidi ni ya takwimu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu mkia-mweupe wa Marekani walikuwa wamebaki chini ya nusu milioni hivi. Leo wanakadiriwa kufika milioni 30, na wawindaji huua kama milioni 6 kila mwaka. Milioni 6! Huruma iko wapi? Iko kwenye kugawanya. Utafiti wa serikali wa mwaka 2016 ulihesabu wawindaji wa kulungu wapatao milioni 8. Basi hata mmoja mmoja hawafiki, pamoja na darubini zote zile, na pamoja na mashine za Texas zinazomwaga mahindi kwa saa maalumu ili mgeni asichelewe karamu. Isitoshe, tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, kodi ya asilimia 11 ya bunduki ndefu na risasi huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Mkaa dunguni hununua bunduki, hununua risasi, hulipa kodi, halafu husinzia. Kulungu atampata wapi mfadhili kama huyo? Mtu ataniuliza kuhusu barabara, ambako magari hugonga kulungu zaidi ya milioni moja kwa mwaka kwa sababu wamezidi. Lakini gari nalo lina kiti laini, hita na mahali pa kuwekea kahawa. Tofauti ni moja tu: linakwenda. Kosa basi ni la mwendo, starehe haihusiki.

Kuhusu usalama sitasema mengi. Anayekaa juu ya mti kwenye kijukwaa kisicho na kuta huweza kuanguka, na kuanguka huko ni miongoni mwa sababu kuu za wawindaji wa Marekani kuumia. Sanduku lenye mlango na ngazi yenye mkono wa kushikia halimwangushi mtu ovyo. Ni kweli kwamba hita katika chumba kilichofungwa huleta kaboni monoksaidi, ambayo huua bila harufu, kwa hiyo dirisha moja lazima liachwe wazi. Baridi inayopenya hapo humwamsha mwenye nyumba, na hiyo ndiyo kasoro pekee ninayoikubali. Gharama? Madungu ya faibaglasi yanayouzwa tayari hufika maelfu ya dola, na ukiigawa bei hiyo kwa kilo za nyama, bucha lolote litaonekana la hisani. Ila mkaa dunguni hakuja kununua nyama.

Linabaki swali la mkewe: kama ni kukaa, kwa nini asikae nyumbani? Kwa sababu nyumbani anayekaa hutumwa. Ataambiwa mfereji wa paa umeziba, ataambiwa gari la mtoto halina matairi ya theluji. Dunguni ana leseni ya jimbo la Wisconsin, halali kwa siku zote tisa za msimu wa bunduki, na leseni hiyo haikuandikwa popote kwamba mwenye nayo lazima awe macho.