Nyundo Yenye Hati

Mchongaji wa Kimakonde akialikwa kwenye maonyesho Uingereza, viza ni nusu tu ya safari. Nusu ya pili ni mfuko wa vitendea kazi. Kwenye viwanja vya ndege vya huko, patasi inayozidi sentimita 6 haiingii na abiria, kwa hiyo inashushwa kwenye mizigo pamoja na tezo. Mkasi nao hupimwa makali. Bibi aliyeketi jirani na sindano zake za kufumia, ndefu kama mishikaki, haguswi, labda kwa sababu anaonekana mtu wa heshima zake.

Kisha forodha. Vifaa vipya ni biashara hiyo, lipa ushuru. Vilivyochakaa, mpini umefungwa mpira wa baiskeli, vinaulizwa ni vya nini hasa.

Mafundi wa nchi zilizo kwenye mfumo wa ATA Carnet, uliotokana na mkataba wa 1961, hutembea na hati inayoingiza vifaa kwa muda bila ushuru, mradi kila nyundo irudi kwao. Msasa haumo, unaisha.

Mpingo, mti wa vinyago vyenyewe, una mambo yake. Uko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, ila bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 kwa shehena zimesamehewa. Gogo halimo kwenye msamaha huo. Basi kinyago kinapita, gogo linasubiri kibali, na fundi aliyealikwa kuonyesha namna ya kuchonga anaonyesha namna ya kupangusa vumbi.